Fuvu la swala pala limebaki njano, nitie jiki?

Usitie jiki. Njano hiyo ni mafuta yaliyobaki ndani ya mfupa, na klorini ya jiki itakula mfupa wenyewe mpaka uwe kama chaki. Loweka fuvu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukibadilisha kila yakichafuka; wiki mbili tatu ni kawaida, usikate tamaa. Mafuta yakiacha kuelea, hamia haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa, siku moja au mbili, chombo kisifungwe kabisa maana inatoa gesi. Pembe zivue kwanza: ni gamba tu juu ya kiini cha mfupa, na peroksaidi huzipausha. Safari ijayo ukichemsha fuvu kutoa nyama, usiache maji yatokote. Hapo ndipo mafuta hupenya mfupani na vifupa vya pua huachana.