Kwa wewe unayeanza kuuza asiransi Lubumbashi

Ukitaja asiransi, yaani bima, mbele ya dereva wa mitaa ya Katuba au Kampemba, kitu cha kwanza anachowaza ni polisi wa barabarani. Kwake ni karatasi ya kuonyesha akisimamishwa, na anataka iliyo ya bei ndogo kuliko zote. Ukikubali kumuuzia karatasi hiyo bila neno, utakuwa na mteja wa mara moja. Siku gari lake litakapogonga mtu ndipo atakapojua alinunua nini, na hasira yake itakujia wewe, kwa sababu kwenye kampuni hamjui mtu.

Fikra hiyo ina historia. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilianzishwa mwaka 1966 na ikabaki peke yake sokoni kwa miongo mingi, hivyo watu hawakuzoea kuchagua wala kuuliza mkataba unasema nini. Kanuni ya bima, yaani sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ndiyo iliyofungua mlango, na kampuni za binafsi zilianza kupata vibali mwaka 2019. Msimamizi wa soko ni ARCA, yenye makao Kinshasa. Kwa hiyo wateja wako wengi hawajawahi kuelezwa mkataba wa bima tangu wazaliwe. Kuwaeleza ndiyo nusu ya kazi yako.

Kabla ya kuchapisha kadi za jina, jua unasimama upande gani. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima. Kurtie anamwakilisha mteja, anamtafutia bei na masharti kwenye kampuni kadhaa. Wengi wanasema wanataka kuwa huru, lakini ukurtie unadai kibali chake, dhamana na ujuzi ambao huna bado. Tunashauri uanze chini ya kampuni moja au chini ya kurtie aliyekwisha kupata kibali, ujifunze kwa miaka miwili au mitatu. Dai mamlaka ya maandishi: unaruhusiwa kuuza bima zipi, unaweza kupokea pesa au hapana, komisio ni asilimia ngapi kwa kila aina, inalipwa lini, na ukiondoka wateja wanabaki kwa nani. Hilo la mwisho watu huliruka, kisha linawaliza. Kuhusu biashara yako mwenyewe, RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (nambari ya utambulisho wa taifa) na nambari ya kodi hupatikana kwenye guichet unique, ofisi ya serikali ya kufungua biashara. Usisubiri hadi mteja mkubwa aombe fakture (ankara).

Piga hesabu ya njaa mapema. Tuseme mkataba wa gari ni dola 300 kwa mwaka na komisio ni asilimia 10: unabaki na dola 30. Ili upate dola 500 kwa mwezi, unahitaji mikataba 17 kila mwezi, na bado hujalipa takisi, megabaiti wala kodi. Mwezi wa kwanza watu wengi huuza mitano au sita, nusu yake ikiwa ya ndugu zao. Weka akiba ya kula ya miezi sita, au anza huku ukiwa na kazi nyingine. Nafuu huja mwaka wa pili, mikataba ya kwanza inapoanza kufanywa upya bila wewe kutafuta mtu mpya.

Sasa fomu. Hapa ndipo mawakala wapya huharibu, kwa kuwa wanaijaza haraka wakiwa wamesimama kando ya barabara. Kwanza, matumizi ya gari. Mteja atasema ni la binafsi kwa sababu bei ni ndogo, kumbe asubuhi na jioni linabeba abiria kati ya Ruashi na mjini. Siku ya ajali, kampuni itauliza abiria walikuwa wanafanya nini ndani, na malipo yanaweza kupunguzwa au kukataliwa. Mwambie waziwazi: "Papa, tofauti ya bei leo ni ndogo kuliko hospitali ya abiria mmoja." Akisisitiza kudanganya, mwache aende.

Pili, jina. Magari mengi hapa yamenunuliwa mkono wa pili au wa tatu, na karte roze (kadi ya usajili wa gari) bado ina jina la mwenye zamani. Andika mwenye gari ni nani kweli, na uombe nakala ya hati ya mauzo. Tatu, nambari ya shasi: isome kwenye chuma chenyewe, usinakili karatasi. Nambari ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake O, I na Q hazitumiki kabisa. Ukiona duara, ni sifuri. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo yamejaa mjini kwetu na usukani wao wa kulia, yana nambari fupi yenye kistari katikati. Usiongeze chochote ili zifike 17. Piga picha shasi, pande nne za gari na kilomita zake.

Kwa kamyo (malori) zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kumbuka RC ya Kongo, yaani bima ya madhara kwa watu wengine, inaishia mpakani. Dereva anayeingia Zambia anahitaji kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), na hiyo inashughulikia madhara anayowafanyia watu wengine kule. Kamyo lenyewe likipinduka, au shaba ikimwagika, kadi ya njano hailipi. Sema hivyo kwa mwenye kamyo kabla hajasafiri, na umwandikie pia kwa WhatsApp ili ibaki.

Bima ya moto ina mtego mwingine: thamani. Mama mwenye depo ya unga na mafuta anatangaza dola 60 000 ili alipe kidogo, wakati mali yake ni dola 100 000. Moto unateketeza bidhaa za dola 20 000. Yeye anangoja 20 000, lakini kampuni inalipa kwa uwiano: 60 juu ya 100, yaani dola 12 000, na bado franshizi, sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe, itatolewa. Chora hesabu hii kwenye karatasi mbele yake siku ya kusaini. Tembelea depo wakati stoki imejaa, si siku imebaki nusu. Uliza pia kuhusu umeme: mkondo wa SNEL, shirika la umeme, unaporudi kwa kishindo na kuunguza friji bila moto kuenea, mikataba mingi hailipi kitu mpaka kipengele cha madhara ya umeme kiongezwe.

Ukishazoea, watafute wakandarasi wadogo wanaofanya kazi kwa kampuni za migodi upande wa Likasi na Kolwezi. Kampuni kubwa huwadai atestasio (cheti cha bima) ya RC kabla hawajaingia geti, na mara nyingi wanaikumbuka siku tatu kabla ya kazi kuanza. Omba mkataba wao wa kazi na usome kifungu cha bima neno kwa neno: kiwango kinachotakiwa kikiwa dola 500 000 na wewe ukauza 100 000, geti halifunguki.

Pesa ya mteja si yako hata kwa usiku mmoja. Bora alipe moja kwa moja benki au kwa simu kwenye akaunti ya kampuni. Ukilazimika kupokea, toa risiti papo hapo na upeleke siku hiyohiyo. Angalia kila noti ya dola: iliyochanika hata kidogo benki haitaitaka, na hasara ni yako. Akilipa kwa franka, kubalianeni kiwango cha siku na ukiandike kwenye risiti. Usimwachie atestasio mtu aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Ajali ikitokea, nenda. Hakikisha polisi wameandika ripoti, chukua majina ya mashahidi, piga picha kabla magari hayajasogezwa ikiwa hayazibi njia, na mzuie mteja kukiri kosa au kuahidi malipo kwa mdomo. Muda wa kutangaza ni wa siku chache tu na umeandikwa ndani ya mkataba. Peleka tangazo kwa maandishi na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Dosie (faili la madai) isiyo na muhuri huo hupotea, na hakuna wa kumuuliza. Halafu mpigie mteja kila wiki, hata kama habari ni kwamba hakuna habari.

Daftari lako liwe na tarehe ya kuisha ya kila mkataba. Piga simu siku 45 kabla, siku 15 kabla, na siku 3 kabla. Simu ya siku 45 si ya kuomba pesa: uliza kama gari limebadilisha kazi, kama depo imeongezwa chumba, kama kuna dereva mpya.