Siku ya kwanza Addis Ababa isipangiwe kazi

Msafiri anayekwenda Addis Ababa kwa mara ya kwanza hutamani kuijaza siku yake ya kwanza: makumbusho asubuhi, soko la Merkato mchana, milima ya Entoto jioni. Ushauri wangu, hasa kwa ndugu zangu wa pwani, ni kwamba siku hiyo usiiwekee miadi yoyote. Mji huu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, una kalenda yake, na una namna yake ya kuhesabu saa, ambayo sisi tunaifahamu kuliko wageni wengine wote na bado inaweza kutuponza.

Mimi nilitoka Mombasa, na tiketi yangu ilionyesha kwamba ningetua uwanja wa ndege wa Bole saa 2:00 usiku, kwa hesabu ya mashirika ya ndege. Nikamwandikia mwenye nyumba ya wageni kwa Kiingereza vilevile ilivyokuwa kwenye tiketi, naye akaisoma kama anavyoisoma kila mtu wa mji ule, yaani saa mbili usiku. Dereva alikuja saa mbili, akasubiri, akarudi zake. Mimi nilitua saa nane, saa sita baadaye, na nje hapakuwa na mtu wa kunipokea. Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, tena tuko katika ukanda mmoja wa saa, hivyo saa nne ya Addis ndiyo saa nne ya Mombasa na ya Dar es Salaam. Lakini tiketi na hoteli kubwa hufuata hesabu ya kimataifa. Ukizungumza na mwenyeji, mtajie saa kama unavyoitaja nyumbani, useme kama ni asubuhi au usiku. Ukimwandikia, weka hesabu zote mbili katika sentensi moja. Tarehe nazo ziangalie, kwa sababu mwaka wao una miezi 13, uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane, na huanza tarehe 11 au 12 Septemba. Risiti yenye mwaka usioutambua si ya kughushi.

Usiku huohuo begi langu halikutokea kwenye mkanda wa mizigo. Jambo hili likikupata, usitoke nje ya eneo la mizigo kabla ya kuripoti. Nenda kwenye dawati la mizigo iliyopotea, ujaziwe fomu ya taarifa yenye namba ya kumbukumbu, na uitunze ile karatasi ndogo ya namba uliyopewa ulipokabidhi begi. Andika anwani na simu ya mahali utakapolala, si ya nyumbani. Mkataba wa Montreal wa 1999 unampa abiria haki ya kudai fidia mzigo unapochelewa, mradi awasilishe madai kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa. Kama haujafika baada ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, anaweza kudai kama mzigo uliopotea. Kwa hiyo weka kila risiti ya shati na mswaki utakaonunua. Na kabla hujaondoka nyumbani, tia katika mkoba wa mkononi dawa zako, nguo za siku moja na sweta nzito, kwani usiku wa Addis ni wa baridi, na kuanzia Juni hadi Septemba huongezeka mvua.

Ukitua usiku wa manane bila mwenyeji, kaa ndani ya jengo mpaka kupambazuke. Usingizi wa kwenye kiti unaudhi, lakini ni salama kuliko kumfuata mtu anayekushika mkono akisema anaijua hoteli yako. Badilisha fedha kidogo katika benki ya hapo uwanjani, kiasi cha kukutosha siku moja, na utunze stakabadhi. Kukikucha, ita gari kwa programu kama Ride au Feres, au kubaliana nauli kabla ya kupanda. Laini ya simu nayo ni rahisi kupata, kwani mbali na Ethio telecom, Safaricom imekuwa ikitoa huduma nchini humo tangu 2022. Utahitaji pasipoti ili usajiliwe.

Kisha ulale kidogo. Nilipoamka na kupanda ngazi za ile nyumba ya wageni, nilihema kama mtu aliyekimbia, na kichwa kiliniuma mpaka adhuhuri. Huo si ugonjwa. Ni mwili uliozoea hewa ya usawa wa bahari kukutana na hewa nyepesi. Kunywa maji mengi, kula kidogo kidogo, na milima ya Entoto, ambayo hupita mita 3,000, iache kwa siku za baadaye. Wenye selimundu, maradhi ya moyo au ya mapafu wamwone daktari kabla ya kukata tiketi. Jambo hili sikulisikia likisemwa na yeyote aliyenishauri kuhusu safari, na ndilo lililo zito kuliko yote niliyoandika hapa.

Mchana chagua mtaa mmoja tu. Mimi nilichagua Arat Kilo, nikaenda kwa matatu za buluu na nyeupe, ambazo makanga wake huita majina ya vituo kwa sauti kama wa kwetu. Taja jina la unakokwenda, naye atakuelekeza kwenye gari linalofaa. Jirani na hapo ipo Makumbusho ya Taifa, inayomwonyesha Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye wenyeji humwita Dinknesh, aliyechimbuliwa Hadar mwaka 1974 na ambaye umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 3.2. Kinachoonyeshwa kwa kawaida ni nakala ya mifupa yake, lakini hata hiyo ilinifanya nisimame kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kamera ifiche unapopita karibu na ikulu na majengo ya serikali. Ramani za zamani usizitegemee, kwani sehemu kubwa ya mtaa wa kale wa Piassa ilibomolewa mwaka 2024. Kijana mchangamfu akikualika kwenye sherehe ya kahawa au ngoma usiyokuwa na habari nayo, mshukuru na uendelee na safari yako, kwa maana wageni wengi wamejikuta wakidaiwa bili kubwa ndani ya vyumba vya namna hiyo.

Kuhusu chakula, Muislamu asihangaike. Wakristo na Waislamu wa Ethiopia kwa desturi kila upande hula nyama iliyochinjwa na watu wake, kwa hiyo mikahawa ya Waislamu ipo na hujitambulisha. Siku za Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodox hufunga nyama na maziwa, na migahawa mingi huandaa beyaynetu: injera, yaani mkate mpana mfano wa chapati, iliyopambwa kwa dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde) na mboga za kila rangi. Chakula hicho hakina nyama wala siagi, hakilemei tumbo lililochoshwa na safari, na kwa ladha nakiweka mbele ya vingi nilivyokula ugenini.

Merkato iache hadi utakapokuwa umezoea hewa na noti za birr, maana ni soko kubwa mno, lenye msongamano na wachomozi. Nenda asubuhi, ukiwa na fedha za matumizi tu, simu ikiwa mfuko wa ndani, tena ufuatane na mwenyeji. Jumapili usiende, kwa kuwa maduka mengi hufungwa.