Kabla Hujamgawia Mtu Redio Mbovu ya Marehemu Baba

Mara ya kwanza nilipoigawa resiva ya marehemu baba, iliunguza spika ya jirani ndani ya dakika moja. Hakunitukana. Alikuja nayo saa mbili usiku, ameipakata kama mtoto mwenye homa, akaiweka barazani na kusema, "Kijana wangu, mzigo wako huu hapa." Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya kukata, akaondoka. Mpaka leo salamu zetu ni fupi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemwambia, "Mzee, ina kasoro ndogo tu, fundi atamaliza." Kasoro ndogo! Mtu akikupa redio bure halafu akatamka maneno hayo, mwombe kwanza aiwashe mbele yako, tena kwa spika zake mwenyewe.

Chombo chenyewe ni Pioneer SX-780, toleo la 1978: redio na amplifaya ndani ya boksi moja, wati 45 kila upande, uso wa rangi ya fedha, mishale inayocheza muziki ukipanda, na uzito wa kumfanya mwanamume mzima achuchumae kwanza kabla ya kunyanyua. Baba aliinunua kwa baharia. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu hapa Dar es Salaam walikuwa wakitupa vitu usiku kwa kuogopa kuulizwa walivipata wapi. Ya kwetu ililala uvunguni, juu yake magunia ya mkaa. Mama anasema baba alikuwa akiinama kuichungulia kama mtu anayeangalia kuku wake anayeatamia. Kwa historia hiyo utaelewa kwa nini ilipokufa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa.

Ugonjwa ulianza upande wa kushoto: mkwaruzo, kisha mvumo, kisha kimya. Mkwaruzo peke yake usikutishe. Mara nyingi ni vumbi na kutu ndani ya volyumu na swichi. Fundi akipulizia dawa ya kusafishia kontakti na kuzungusha vinobu mara ishirini, thelathini, sauti inarudi. Mvumo mzito usiopungua hata ukishusha volyumu ni habari nyingine, hapo fikiria kapasita kubwa za pawa, yaani vihifadhi umeme, zilizozeeka. Halafu kuna mlio mmoja ambao wenye redio hizi wanaujua kama wanavyojua mlango wa nyumba yao: ukiwasha, inasubiri sekunde chache, kisha unasikia "tap!" ndani. Hiyo ni relei, swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme, inaunganisha spika. Isipogonga, mara nyingi saketi ya ulinzi imeona umeme wa DC, ule wa mwelekeo mmoja kama wa betri, unataka kwenda kwenye spika, ikagoma.

Yetu iligoma. Fundi wa wakati ule hakuuliza sababu ya mgomo. Akaibaipasi relei, yaani akachomelea waya juu yake ili umeme upite bila kizuizi. Upande wa kulia ukaimba, baba akafurahi, akalipa, na kushoto tukakuacha hivyo hivyo bila spika kwa miaka. Baba alipofariki, siri ya ule waya ilikuwa imeshasahaulika nyumbani. Jirani yeye angejuaje? Alichomeka spika zote mbili. Zaidi ya volti 30 za DC zikaingia moja kwa moja kwenye koili ya spika ya kushoto, ambayo kazi yake ni kupokea muziki, haikuumbwa kubeba umeme uliosimama. Moshi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na mengine yote yanakuja nyuma yake: unapogawa kitu kibovu, gawa na ubovu wake wote. Usiseme "haifanyi kazi", maana hayo si maelezo. Sema inawaka au haiwaki. Taa za uso zinawaka? Relei inagonga? Upande gani unalia, upande gani umekufa? Redio inashika au ni ingizo la santuri tu linalotoa sauti? Na zaidi ya yote, nani ameshawahi kuifungua, na alifanya nini. Redio ambayo haijawahi kufunguliwa, hata kama imekufa kabisa, fundi mzuri anaipenda kuliko inayolia nusu lakini imepita mikononi mwa watu watatu. Ugonjwa wa asili unafuatika kwenye mchoro wa saketi. Ubunifu wa fundi haumo kwenye mchoro wowote.

Mara ya pili nilifanya tofauti. Nilimwita mpwa wangu mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, tukaiwasha bila spika yoyote, akapima DC kwenye matundu ya spika nyuma. Kulia, volti sifuri na ushei usiofika hata sehemu ya kumi ya volti moja, ndivyo inavyotakiwa. Kushoto, volti 34. Kipimo hiki ni cha dakika mbili na kingeniokolea ujirani. Kama huna mtu wa kupima, usiiwashe kabisa. Andika "haijajaribiwa" na uwe umesema kweli. Na tafadhali usiifungue mwenyewe kwa udadisi. Kapasita za pawa za redio kubwa huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na zitakukumbusha hilo kupitia bisibisi.

Mafundi waangalifu wana kidude chao: balbu ya kizamani, ile ya waya mwekundu ndani, inafungwa kwenye njia ya umeme kabla ya redio. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, redio iko salama kiasi. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na balbu imekula umeme ambao ungechoma transfoma. Balbu za LED hazifai kwa kazi hiyo. Kama unayempa redio hajui unachosema ukitaja balbu hiyo, nisingesema umnyime, ila ongea naye kidogo zaidi.

Angalia pia volti, maana hapa wengi wanaangamia. Umeme wetu ni volti 230. Ya Japani ni 100, ya Marekani 120. Resiva ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani ukiichomeka ukutani Tanzania bila kipunguza umeme, umeiua, labda na fyuzi haitawahi kukuokoa. Ya kwetu ina kidude nyuma cha kuchagua: 110, 120, 220, 240. Kiangalie kiko wapi, kiandike. Tena zile za soko la Japani zina ugonjwa mwingine usiotibika kwa transfoma: FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinakaa kati ya 88 na 108. Mtu atahangaika na antena wiki nzima akidhani redio imekufa masikio.

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene: "Kulia inaimba. Kushoto imekufa, inatoa DC volti 34. Relei imebaipasiwa. USICHOMEKE SPIKA. Imewekwa kwenye volti 240. Kinobu cha volyumu hakipo." Nikaigandisha juu kwa selotepu, upande ambao huwezi kuchomeka kitu bila kuiona. Mke wangu akasema inafanana na cheti cha daktari.

Nani sasa apewe? Wa kwanza kujitokeza alikuwa muuza skrepa. Sina ugomvi na watu wa skrepa, wanasafisha mji kuliko tunavyowashukuru. Lakini kwake redio ni kilo za shaba ya transfoma na aluminiamu ya kupozea joto, basi. Wa pili alitaka kujua kama naweza kumpelekea nyumbani na kama spika zimo. Wa tatu, kijana wa Mbagala, aliniuliza swali moja tu: "Kaka, STK ya kulia ni ile ya mwanzo?"

Nikajua huyu ndiye. Moyo wa SX-780 ni vipande viwili vya STK-0050, vya kukuza sauti, kimoja kila upande, kazi ya Sanyo, na siku nyingi havitengenezwi tena. Vinavyouzwa kama vipya vingi ni feki, vinang'aa vizuri halafu vinakufa vibaya. Kijana alikuwa na resiva kama yetu iliyokufa upande mmoja, na hapo ndipo neno "spea" linapopata maana. Kwangu mimi ile redio ilikuwa nusu maiti. Kwake ilikuwa na kiungo ambacho hakipatikani dukani. Mbali na STK kuna kioo cha uso, mishale, vinobu, kamba ya kuzungushia stesheni, hata skrubu za boksi. Usitoe chochote "cha kukumbuka" kabla ya kugawa. Na zile skrubu zilizobaki kwenye kopo tangu fundi wa kwanza, tafuta, zifunge kwenye mfuko, weka ndani.

Nilipata mawazo ya kumpa masharti: lazima uitengeneze, usiikate, usiiuze. Nikayameza. Ukishatoa umetoa. Atakayeitengeneza, atakayeichinja, hata atakayeiuza kesho yake, hiyo ni juu yake. Kama huwezi kuvumilia kuiona imefunguliwa mezani kwa mtu mwingine, basi huko tayari kuigawa, iache juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma. Mimi ilinichukua miaka minne kuwa tayari, na sioni aibu.

Neno la usafiri tu: bodaboda hapana. Transfoma ni nzito na imekaa upande mmoja. Ikipigwa na tuta, inavuta chasi na kupasua bodi. Kijana alikuja na bajaji, tukailaza juu ya godoro la mtoto, uso ukiangalia juu. Mama alisimama mlangoni bila kusema kitu, akamwombea dua ya safari njema, nadhani ilikuwa ya redio.

Wiki tatu baadaye akapiga simu. Nikasikia muziki kwanza, ndipo sauti yake. Alikuwa amehamisha STK, amebadilisha kapasita, amefumua ule waya wa baipasi. "Imegonga, kaka! Umesikia?" Kisha akauliza, kwa adabu, kama kile kinobu cha volyumu hakijaonekana. Cha kwake kimepasuka.

Kinobu nilikuwa najua kilipo. Kipo kwenye kopo la vifungo la mama, pamoja na sindano na kidani kilichokatika. Nikaenda kukiomba. Mama alikitoa, akakizungusha kidogo kwa vidole, kulia, kushoto, kama mtu anayetafuta sauti inayomfaa. Akakirudisha koponi, akafunga kifuniko.

"Mwambie mwenzio achonge cha mbao."

Nilimwambia. Amechonga.