Histoni kutoka damu ya kuku: harakisha kabla ya asidi, tulia baada yake

Kama unaanza epijenetiki (elimu ya alama zinazoongoza jeni bila kubadili DNA yenyewe) na uko huku Kigoma kama mimi, anza na damu ya kuku. Seli zake nyekundu zina kiini, tofauti na zetu, hivyo damu kidogo tu inakupa histoni, yaani protini ambazo DNA hujizungusha juu yake, za kutosha. Wachinjaji wa sokoni hawakunyimi ukiwaomba vizuri. Nenda na chupa yenye EDTA ili damu isigande. Ujue tu kuwa ndege wana histoni H5, kwa hiyo mstari wa ziada kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa usikutishe.

Haraka yako yote iwe kabla ya asidi. Alama za asetili (vikundi vidogo vya kikemia) unazozitafuta kwenye mikia ya histoni huondolewa na vimeng'enya vya seli hiyohiyo, navyo haviachi kazi eti kwa kuwa seli imepasuka. Baridi huvipunguza kasi; sodiamu butireti, milimoli 5 kwa lita, huzuia vile vinavyong'oa asetili. PMSF, ya kuzuia vinavyokata protini, itie dakika ya mwisho kwa kuwa huharibika majini. Ndiyo maana mimi hutafuta barafu kwa wauza samaki wa Kibirizi kwanza, ndipo niende kwa mchinjaji. Friji pekee siitegemei, umeme tunaujua.

Osha seli, zipasue kwa bafa (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi) baridi yenye Triton X-100, aina ya sabuni, zungusha kwenye sentrifuji upate viini. Kisha tia asidi ya salfuriki, moli 0.2 kwa lita. (Unapoichanganya, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume.) Histoni zimejaa laisini na ajinini, amino asidi zenye chaji chanya, kwa hiyo huyeyuka humo, DNA na protini nyingi nyingine hubaki kwenye mashapo.

Sasa tulia: asidi imeshavizima vile vimeng'enya. Hata ukiziacha usiku kucha kwenye baridi, sawa. Ukishatenga kimiminika cha juu chenye histoni na kuzitoa humo ziwe yabisi kwa asidi ya trikloroasetiki, usitafute donge chini ya mrija: histoni hutandaa ukutani, tabaka jembamba ambalo wengi hulimwaga bila kujua. Kabla ya kuzungusha, tia alama upande wa mrija unaotazama nje. Suuza taratibu kwa asetoni baridi, acha zikauke, yeyusha kwa maji ukiyapitisha ukuta mzima.

Kwenye jeli ya asilimia 15, histoni nne za msingi hukaa kati ya kilodaltoni 10 na 20. Ukizihamishia kwenye utando wa nitroselulosi, chagua wenye vitundu vya mikromita 0.2; ule wa 0.45 huweza kuzipitisha.