Pete Nyeupe ya Bwana Harusi: Yajue Haya Kabla ya Kununua Platinamu

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Lamu, vijana hunijia dukani na ombi ambalo sasa nimelizoea: "Ami, nataka pete nyeupe. Isiwe dhahabu, na isiwe fedha, maana fedha huingia weusi." Wakishasema hivyo hutoa simu na kunionyesha picha ya pete ya platinamu. Mimi ni fundi wa fedha. Platinamu siuzi wala sifui, kwa hivyo sina cha kupata ukinunua wala ukiacha. Ninachokushauri ni hiki: kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani atakayeitengeneza siku ikikubana.

Kwanza tuliondoe lile linalowachanganya wengi. Dhahabu nyeupe si platinamu. Ni dhahabu ileile ya bibi harusi, ila imechanganywa na paladiamu au nikeli ili umanjano wake ufifie, kisha mara nyingi hupakwa rodiamu ing'ae. Ukiona mhuri wa 750, maana yake sehemu 750 katika kila 1000 ni dhahabu, yaani karati 18. Mwanamume wa Kiislamu anayeikwepa dhahabu ya njano akavaa hii, dhahabu hajaikwepa. Nimewasikia wauzaji wakisema "ni mamoja tu, zote nyeupe". Si mamoja. Platinamu ni madini mengine kabisa, na wanazuoni wengi hawaoni ubaya mwanamume kuivaa kwa kuwa si dhahabu. Mimi si mufti. Ukiwa na shaka kamwulize sheikh wako baada ya sala, muuzaji mwache auze.

Mhuri wa platinamu ulio wa kawaida ni Pt 950: sehemu 950 ni platinamu, zilizobaki ni madini ya kuiongezea ugumu kama ruteniamu, iridiamu au kobalti. Lakini mhuri hupigwa kwa nyundo, na nyundo kila mtu anayo. Mimi naamini uzito. Pete mbili za umbo moja na kipimo kimoja, ya platinamu huwa na uzito kama mara mbili ya ile ya fedha.

Ukipata mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, jaribu hivi. Pima pete ikiwa kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, funga pete kwa uzi mwembamba na uizamishe ikining'inia, isiguse chini wala ubavuni. Chukua uzito wa pete kavu uugawe kwa namba utakayoiona. Pete ya gramu 8.30 ikitoa 0.40 mle majini, jibu ni 20.75, na hiyo inalingana na platinamu. Fedha ya 925 hutoa 10 na kitu, chuma cha pua kama 8, dhahabu nyeupe ya karati 18 hucheza kwenye 15 au 16. Pete yenye kito usiipime hivi, jiwe litaharibu hesabu. Na sumaku isikutishe: platinamu iliyotiwa kobalti huweza kuvutika kidogo na bado ikawa ya kweli.

Sasa turudi kwa fundi. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, dhahabu 1064, platinamu 1768. Moto wangu wa gesi haufiki huko. Anayeishughulikia platinamu anahitaji oksijeni pamoja na gesi, kalibu ya kustahimili moto ule, na miwani nyeusi sana, kwa sababu ikiwaka weupe huumiza macho.

Aliwahi kunijia mgeni Mtaliano anayekaa Malindi akitaka niipanue pete yake. Ingekuwa ya fedha ningeikata, nikatia kipande, nikalehemu, naye akaondoka nayo kabla chai yake haijapoa. Ile nilimrudishia. Lehemu ya fedha ingeshika, ndiyo, lakini ingeacha mstari unaoonekana. Tena tupa zangu na mkaa wangu vimejaa vumbi la fedha na risasi, na vumbi hilo likikutana na platinamu kwenye moto mkali huidhoofisha hata ikapasuka. Fundi akikuambia "lete tu, nitaweza", mwulize kama ana tupa za platinamu peke yake. Akicheka, chukua pete yako uende.

Kwa hivyo kipimo cha kidole ndicho kitu cha kuhangaikia, kuliko hata mhuri. Pima jioni, joto likiwa limeshavivimbisha vidole. Ukitaka pete pana, pima kwa pete pana, maana hubana kuliko nyembamba. Usiagize kwa kukisia. Kosa la kipimo kwenye fedha ni kazi ya nusu saa. Kwenye platinamu huenda pete ikarudi ilikotoka.

Kwa watu wa pwani ina raha yake, nisiinyime sifa. Chumvi na jasho haviifanyi kitu. Mikwaruzo huipata, na wengi hushangaa, lakini ikikwaruzwa madini husukumwa pembeni badala ya kumeguka, basi uzito haupungui sana. Mng'ao hufifia ukawa wa kijivujivu, nami naona inapendeza zaidi hivyo. Mvuvi au nahodha aivue akishika kamba; kamba ikinasa pete, ya madini yoyote, huondoka na kidole.

Akina mama wanaofikiria kumnunulia binti seti ya platinamu nawaambia hapana. Dhahabu kwetu ni akiba, sonara yeyote ataipima na kukulipa siku ya shida. Platinamu atakayeinunua hapa simjui, na bei yake haitulii. Mwaka 2008 ilipita dola 2000 kwa aunsi, na kabla ya mwaka kwisha ikawa chini ya nusu yake. Nyingi huchimbwa Afrika Kusini, na sehemu kubwa huenda kwenye vifaa vya kusafishia moshi wa magari, kwa hivyo bei hufuata viwanda vya magari kuliko harusi zetu. Zamani ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Tangu 2015 dhahabu imeipita.

Bwana harusi asiye na nia ya kuuza, hayo hayamsumbui. Yeye adai risiti iliyoandikwa platinamu 950 na uzito kwa gramu. Ikiandikwa "pete nyeupe" tu, asilipe.