Himaya si milki

Msomaji wa Tanga ameniandikia: "Redioni nilisikia kwamba Estonia, Latvia na Lithuania zinaishi chini ya himaya ya NATO. Siku hiyohiyo nikasoma gazetini juu ya kuanguka kwa himaya ya Kirumi. Mwalimu, neno hili lina maana ngapi?"

Moja, ndugu yangu, na gazeti lako limekosea. Redio nitaijia baadaye, kosa lake ni dogo.

Himaya ni ulinzi. Neno limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa kitenzi hami, ambacho wengi tunakijua kwa umbo la kujihami. Walioiita NATO "Jumuiya ya Kujihami" walichagua vyema kabisa. Lakini anayeandika "himaya ya Kirumi" anatuambia kwamba Warumi walikuwa wakiwakinga watu. Warumi waliteka, wakatoza kodi, wakatawala. Hiyo ni dola. Najua waandishi wanaikimbia dola wakihofu msomaji atawaza noti za Kimarekani. Basi ipo milki, na ndani yake kumiliki kunasikika waziwazi. Kipi kimepungua? Siku hizi Waothmani wana himaya, tajiri wa saruji ana himaya, hata klabu iliyotwaa vikombe vitatu mfululizo imejenga himaya. Naudhika, na sitaacha kuudhika.

Pwani hii tulilijua neno hili kwa gharama kubwa. Sultani wa Zanzibar na Waingereza walianza kama marafiki wenye mikataba: mmojawapo ulitiwa saini 1822, na mwaka 1841 balozi mdogo wao akafika Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitishiwa kuzingirwa na manowari hadi akafunga soko la watumwa. Soko lilistahili kufungwa, lakini mtazame rafiki alivyozungumza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wao kwa wao, wakamwachia Sultani ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni. Mwaka 1890 ikaja himaya yenyewe, kwa sharti kwamba mrithi wa kiti apate idhini ya Waingereza. Agosti 1896 Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila idhini. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, meli za mlinzi zikaanza kulipiga mizinga jumba la mlindwa. Haikufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa bandarini. Siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini.

Wapo watakaonijibu: basi unaona, himaya iligeuka milki, neno limefuata historia tu. Hapana. Ahadi iliyoandikwa ilikuwa ulinzi, kilichotendwa kilikuwa umiliki, na ili kusema kwamba ahadi ilivunjwa tunahitaji maneno mawili. Tukiyafanya kuwa moja tutamshtaki mvunja ahadi kwa lugha gani? Waingereza wenyewe hawakuyachanganya. Kuanzia 1920 Kenya iliitwa Koloni na Himaya: koloni bara, himaya ule mwambao wa Sultani. Nchi moja, maneno mawili, kila moja na sheria yake.

Sasa redio. Estonia, Latvia na Lithuania ziliingia NATO mwaka 2004 kama wanachama wenye kiti na sauti. Ibara ya 5 ya mkataba inasema shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, na imetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, kwa ajili ya Marekani, mkubwa kuliko wote. Estonia, nchi ndogo mno, ilipeleka askari wake Afghanistan na wengine hawakurudi hai. Anayelindwa chini ya himaya hadaiwi hivyo wala hasikilizwi hivyo. Hao ni washirika, kutokana na kushiriki, yaani kila mmoja ana fungu lake la haki na la mzigo.

Donald Trump alipowaambia wafuasi wake Februari 2024 kwamba asingeilinda nchi isiyolipa, alikuwa anauondoa ushirika na kuweka himaya ya kulipia mahali pake. Kwa hiyo sema "nchi washirika wa NATO". Siku Ibara ya 5 itakapokuwa na bei, redio yako itakuwa imepatia, nami nitaisikiliza kwa uchungu.