Maswali ya kutafuta kazi: tangazo limeshajibu nusu yake

Nimeomba nafasi za serikalini kupitia Ajira Portal hadi nimechoka, siitwi usaili. Ni kweli bila kujuana hupati? (Msomaji, Mbeya)

Swali hili linarudi kila mara, na muulizaji hasemi aliambatisha nini. Fungua akaunti yako ukague kwanza. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliwi, wanataka cheti chenyewe. Matokeo ya muda ya chuo hayakubaliwi pia. Barua ya maombi lazima iwe na saini yako. Majina yakitofautiana kati ya cheti na NIDA, unahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina, na hiyo uitafute leo, usingoje tangazo litoke. Uliyesoma nje ya nchi, vyeti vyako vihakikiwe kwanza na NECTA (sekondari), NACTVET (vyuo vya kati) au TCU (vyuo vikuu), kulingana na ngazi.

Halafu soma sifa neno kwa neno. Wahitimu wengi wa uhasibu wanaomba Mhasibu Daraja la II wakiwa na shahada tupu, wakati nafasi hiyo inadai CPA(T), yaani cheti cha taaluma ya uhasibu. Mwenye shahada peke yake atazame Afisa Hesabu. Hapo hakuna aliyekubania.

Wapo pia wanaoitwa wasijue. Namba ya usaili unainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako, siku ya usaili haitolewi. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo weka akiba kabla ya kuitwa.

Kuna mtu anasema kazi ipo, nitume elfu hamsini ya fomu na vipimo. Nitume? (Msomaji, Temeke)

Usitume. Kuomba kupitia Ajira Portal ni bure, na mwajiri wa kweli hakusanyi hela za waombaji kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Usimtumie picha ya kitambulisho chako pia.

CV iwe kurasa ngapi?

Mbili. Itume kwa PDF, faili likiwa na jina lako na nafasi unayoomba. Ondoa dini, kabila na mambo unayopenda.

Nimemaliza chuo mwaka jana, kila kampuni inataka uzoefu wa miaka miwili. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

Kampuni binafsi ikitaka mwaka mmoja au miwili, na sifa nyingine unazo, omba. Ikitaka mitano, acha. Tatizo kubwa ni jinsi mnavyoandika field (mafunzo kwa vitendo) kwenye CV. "Nilifanya field idara ya fedha" haimwambii mtu chochote. Andika ulishika nini: hati za malipo ulizohakiki, mfumo uliotumia, ripoti uliyoandaa na aliyeipokea. Aliyekusimamia mpigie, mwombe awe mdhamini wako, mkumbushe ulichofanya. Mdhamini anayepigiwa simu na kuuliza "nani huyo?" anakuharibia kuliko kutokuwa naye.

Tena msikae mkingoja matangazo. Kampuni ndogo nyingi huajiri bila kutangaza. Orodhesha ishirini za fani yako mjini kwako, tafuta jina la mkuu wa idara, kila moja iandikie barua yake. Barua moja iliyobadilishwa jina la kampuni tu hutambulika mstari wa kwanza. Bahasha ukiiacha kwa mlinzi getini, usitegemee jibu. Omba kumwona mhusika, na usipompata chukua namba ya ofisi, upige baada ya wiki moja.

Wakiniuliza nataka mshahara gani, nijibu nini? (Msomaji, Dodoma)

Taja kiwango cha kuanzia na cha juu, na uulize kama wanazungumzia kabla ya makato au baada. Wengi hukubali wasijue. Chukua mshahara wa 800,000, na tuseme una deni la bodi ya mikopo. HESLB hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mshahara (PAYE) kwa 720,000 inayobaki baada ya NSSF ni 60,000. Mkononi unapata 540,000. Piga hesabu ya kodi ya nyumba na nauli kwa hiyo 540,000 kabla hujasaini, na mkataba uwe wa maandishi.